Tuni Kwanza, Kelele Baadaye

Matoleo mapya mengi ya opera za redio za zamani yana ugonjwa mmoja: kelele zimefutwa, na pumzi za waimbaji zimefutika nazo. Matangazo ya redio ya Metropolitan Opera, New York, yalianza Desemba 25, 1931, na kilichobaki cha miaka ya 1930 na 1940 kwa sehemu kubwa kiko kwenye santuri za laka. Hizo ndizo za kuhangaikia, si programu ya kufuta kelele.

Laka hupakwa juu ya alumini, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilipakwa juu ya kioo. Ikizeeka husinyaa, alumini haisinyai, kwa hiyo hupasuka na kubanduka vipande. Ukiona unga mweupe wenye mafuta juu yake, ni mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na laka yanavuja. Usisafishe kwa spiriti. Iliyokwisha kupasuka usiioshe kabisa. Maji yataingia chini ya laka na kumalizia kazi.

Hamisha sauti iwe ya kidijitali, kwa biti 24, kilohezi 96, na kwa stereo hata kama rekodi ni ya mono, maana kuta mbili za mfuo, ule mstari ambao sindano hupita, haziliki sawa. Jaribu sindano kadhaa, tuseme kati ya mikroni 50 na 90: nyembamba mno hugusa uchafu wa chini, nene mno hupanda juu ya sehemu iliyolika.

Halafu tuni, yaani kimo cha sauti, na hapa ndipo wengi wanapochemsha. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 32 kwa dakika ukiipiga kwa 33⅓, sauti hupanda karibu asilimia 4.2, yaani robo tatu hivi ya nusu toni. Soprano anakuwa kama mtoto. Kusahihisha kwa kufuata nota peke yake ni mtego: matenori wengi hushusha "Di quella pira", aria ya tenori katika Il trovatore ya Verdi, nusu toni au zaidi, na ukimpandisha mwimbaji kwa nguvu hadi nota ya C, utampa mtetemo wa mbuzi. Tafuta mvumo wa umeme wa gridi ulionaswa kwenye rekodi. Marekani ni hezi 60. Ukiukuta kwenye 62.5, kasi yako imezidi kwa kiwango kilekile. Ila hakikisha mvumo huo umetoka kwenye santuri, si kwenye mashine yako au kwenye kanda ya nakala.

Kelele ziondolewe mwisho, tena kwa mkono mwepesi. Mikwaruzo na mipasuko iondoe mmoja mmoja; mchakacho wa chini uache. Ukiubana sana, mwangwi wa ukumbi hukatika na violini huanza kulia kama ziko majini.

Upande mmoja wa santuri ya inchi 16 hubeba kama dakika 15, kwa hiyo mapengo hayakosekani. Ukiziba kwa onyesho jingine, andika kwenye kijitabu cha albamu ni tendo gani, kuanzia dakika ipi, na kipande kimetoka wapi. Asiyetaka kuandika aliache pengo wazi.