Plutoniamu ya safari za mbali na bahari yetu

Wengi wa vijana wanaoshuka gari Tunguu kwenda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hawajui kuwa huko Tunguu Wamarekani waliwahi kuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Kilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kurusha watu angani, na Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia, alizungumza kwa redio na watu waliokuwa hapa Unguja. Baada ya Mapinduzi, serikali ya Mzee Karume ikaamuru kituo kiondoke, Aprili 1964.

Mwezi huo huo, tarehe 21, siku 5 tu kabla ya Muungano, satelaiti ya Marekani iitwayo Transit 5BN-3 ilirushwa ikashindwa kufika ilikokusudiwa. Ikaanguka kuelekea Bahari ya Hindi, upande wa Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Chombo chake cha kuzalisha umeme kikaungua angani pamoja na takriban kilo 1 ya plutoniamu-238, metali yenye mionzi. Vumbi hilo lilishuka polepole kwa miaka kadhaa, likaja kupimwa katika kila bara, na sehemu kubwa iliangukia nusu ya kusini ya dunia. Sisi tumo humo.

Nimeanza na hayo kwa sababu plutoniamu ya aina hiyo hiyo sasa inatengenezwa tena, na mabishano kama iendelee kutengenezwa au la huenda kana kwamba yanawahusu Wamarekani peke yao.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Plutoniamu ya mabomu ni 239. Hii ya 238 ina joto kali mno, haifai kwa kazi hiyo. Gramu moja hutoa zaidi kidogo ya nusu wati ya joto mfululizo, na hupita miaka karibu 88 kabla nusu yake haijakwisha. Joto hilo hugeuzwa umeme. Ndiyo maana vyombo vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vimeweza kuzungumza na dunia kutoka mahali ambapo jua ni nyota tu. Gari la Curiosity, lililotua Mars mwaka 2012, lilibeba kilo 4.8 za oksidi ya plutoniamu hii.

Marekani iliacha kuizalisha mwaka 1988, ikawa inanunua Urusi mpaka njia hiyo nayo ikafungika. Desemba 2015 maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ilitangaza gramu 50 za mwanzo. Lengo lililowekwa ni kilo 1.5 kwa mwaka. Malighafi ni neptuniamu-237, masalio ya fueli iliyotumika katika vinu vya nyuklia. Huchanganywa na unga wa aluminiamu, hushindiliwa vidonge, vidonge hutiwa katika mirija, na mirija huingizwa katika kinu cha majaribio, cha Oak Ridge au kile cha Idaho. Atomu ya neptuniamu ikimeza nyutroni moja, chembe ndogo mno inayoruka ndani ya kinu, baada ya siku chache huwa plutoniamu-238.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Sivyo. Mirija ikikaa ndani muda mrefu, nyutroni huanza kuila ile plutoniamu yenyewe. Nyutroni zenye kasi kubwa nazo huzaa plutoniamu-236, ambayo vizazi vyake hutoa mionzi mikali na kuwatia hatarini mafundi. Kwa hiyo kila mara hugeuzwa sehemu ndogo tu ya neptuniamu. Kilichobaki huyeyushwa kwa asidi, kikachujwa, kikarudishwa kinuni, na kila mzunguko huacha maji machafu yenye mionzi ya kuhifadhiwa.

Wapinzani wana hoja ambayo mimi siwezi kuipita haraka. Vinu hivi ni vichache, na nafasi ndani yake ni za kuhesabu. Kinu cha Idaho hutengeneza pia kobalti-60 ya matibabu, na Oak Ridge hutengeneza aktiniamu-227, inayozaa radiamu ya kutibu saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Aliyewahi kupanda boti na mgonjwa wake kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akangoja zamu ya mionzi, ana haki ya kuuliza kwa nini nyutroni zitumike kwa safari ya Mars. Nimelipima sana swali hilo. Kinachonifanya nisisimame upande wao ni kwamba kobalti nyingi duniani hutoka katika vinu vya umeme, lakini plutoniamu hii haina pengine pa kutoka kwa kiwango cha maana.

Hoja kwamba umeme wa jua ungetosha naikubali nusu. Chombo cha Juno kimefanya kazi huko Mshtarii kwa paneli za jua. Lakini Dragonfly, droni ya Marekani inayopangwa kurushwa mwaka 2028, itaruka chini ya ukungu mzito wa Titan, mwezi wa Zohali, na huko paneli hazifai kitu. Wazungu wa Ulaya wanajaribu amerisiamu-241, metali nyingine ya mionzi inayodumu zaidi, ila joto lake kwa gramu ni kama moja ya tano ya lile la plutoniamu.

Linabaki suala la ajali. Baada ya 1964 wahandisi waliacha kubuni vyombo vya umeme vya kuungua angani, wakabuni vya kustahimili. Mwaka 1968 satelaiti ya Nimbus iliharibiwa muda mfupi baada ya kurushwa. Mafuta yake, yaani plutoniamu, yaliopolewa mazima katika bahari ya California yakatumika tena. Mwaka 1970 ya Apollo 13 yalizama Pasifiki, na vipimo havikuonyesha uvujaji. Hayo ni maendeleo ya kweli, na kwa ajili yake nasema uzalishaji uendelee.

Lakini chuma kilichoimarishwa hakijamjibu mvuvi wa Kizimkazi au Mkoani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1992 zinataka tathmini ya usalama ichapishwe kabla ya kurusha, na nchi zijulishwe chombo kikiharibika na kukaribia kuanguka. Mimi nataka tathmini ya Dragonfly isomwe Tunguu, kwa Kiswahili, kabla ya 2028, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ije iulizwe nani atapima maji na samaki wetu chombo kikishuka upande huu.