Mwanao akikamatwa leo, kesho utajua yuko wapi?

Haki za binadamu huelezwa kwa maneno mazito hadi mwananchi anadhani ni mambo ya mawakili na mabalozi. Mimi naanza na swali hilo hapo juu. Ukikosa jibu, haki nyingine zote unazo kwa karatasi tu.

Nyayo House iko katikati ya Nairobi, jengo ambalo Wakenya hupanga foleni kuomba pasipoti. Miaka ya 1980, serikali ya Rais Moi ilipowasaka waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga, watu walifungiwa kwenye seli za chini ya jengo hilo. Walivuliwa nguo, wakapigwa, wakanyimwa chakula. Seli zilimwagiwa maji, mtu asipate pa kulala wala pa kukaa. Kuhojiwa walipandishwa ghorofa za juu. Wengi walifikishwa mahakamani bila wakili, saa za kazi zimekwisha, wakakiri mashtaka. Ungekataaje, na ukikataa unarudishwa kulekule?

Tena katiba ya wakati huo ilikataza mateso. Ila tangu 1982 chama kilikuwa kimoja kisheria, majarida yaliyothubutu kuuliza yalipigwa marufuku, na mwaka 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Nani angeuliza?

Waliuliza akina mama. Februari 1992, mama za wafungwa wa kisiasa walipiga kambi bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwanamazingira Wangari Maathai akiwa nao. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya machozi, baadhi walivua nguo mbele yao. Mila zetu zinajua uzito wa mama kumvulia nguo mtu wa umri wa mwanawe. Walitawanywa, wakahamia kanisa la All Saints, na hawakukoma hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mwaka 1993.

Leo Katiba ya 2010 inataka anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inasema mateso hayaruhusiwi kwa sababu yoyote. Hata hivyo, baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga nyongeza ya kodi, vijana walibebwa na watu wasio na sare, jamaa zao wakazunguka vituo vya polisi wakiambiwa hayupo hapa. Nikisikia mtu akisema "waliyataka wenyewe," nakasirika. Kama kijana ana kosa, kituo kipo, kitabu cha OB cha kuandikia waliokamatwa kipo, hakimu yupo. Mwandikeni jina, mama yake apigiwe simu.