Mnataka kikomo cha mishahara? Leteni kwanza mkataba

Juzi nilikuwa kwenye daladala ya kutoka Igoma, hapa Mwanza, redio imefunguliwa kwa sauti, na mchambuzi mmoja wa michezo anaeleza kwa kujiamini kwamba dawa ya ligi zetu ni kuweka kikomo cha mishahara kama NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Simba na Yanga wanazoa kila mchezaji mzuri, alisema, timu za mikoani kama Pamba Jiji zinabaki kusindikiza, na hata kikapu chetu kitaharibika siku pesa zikiingia. Wamarekani wameshatuonyesha njia: panga kiwango, timu isilipe zaidi ya hapo, mambo yatakaa sawa. Kondakta akaitikia. Abiria wa mbele naye akaitikia. Mimi nilishuka Buzuruga nimechemka.

Nilichemka kwa sababu alichokisema ni nusu ya habari, tena ile nusu inayompendeza mwenye timu.

Kikomo cha NBA kilianza kutumika msimu wa 1984-85, dola milioni 3.6 kwa timu. Wamiliki hawakujiamulia wenyewe. Kilitokana na makubaliano ya 1983 na chama cha wachezaji, chama ambacho Bob Cousy alianza kukijenga mwaka 1954. Mwaka 1964 wachezaji wa chama hicho walikaa chumbani mjini Boston, mechi ya nyota wote inasubiriwa kwenye televisheni, wakagoma kuingia uwanjani mpaka waahidiwe pensheni. Mwaka 1970 Oscar Robertson, akiwa kiongozi wao, aliipeleka ligi mahakamani, na kesi ile ilipomalizika kwa makubaliano mwaka 1976 ikafungua njia ya mchezaji kuondoka mkataba wake unapokwisha. Kwa hiyo wamiliki walipokuja 1983 kulia kwamba timu zinafilisika, walikuta watu waliojipanga. Wachezaji wakajibu: sawa, wekeni kikomo, lakini asilimia 53 ya mapato ni yetu.

Hicho ndicho mchambuzi hakukisema. Kikomo kile ni upande mmoja wa biashara, na upande wa pili ni mgawo.

Mpaka leo hakuna mtu anayekaa ofisini New York akachagua namba inayompendeza. Wanachukua mapato ya ligi, wachezaji wanapata kati ya asilimia 49 na 51, na kikomo kinakokotolewa kutoka hapo. Msimu wa 2025-26 ni takriban dola milioni 154.6 kwa timu. Tena kuna sakafu: timu inatakiwa kulipa angalau asilimia 90 ya kikomo hicho, haiwezi kujaza vijana wa bei ya chini halafu mwenye timu akaweka chenji mfukoni. Mishahara yote ikijumlishwa ikawa chini ya fungu la wachezaji, ligi inawaongezea kilichopungua. Ikizidi, kuna asilimia 10 ya mishahara inayoshikiliwa kwanza, na ziada inarudi kwa wamiliki kutoka humo. Vitabu vinafunguliwa, wahasibu wa pande zote wanaona.

Mtu wa mwaloni, soko letu la samaki pale Kirumba, analielewa hili haraka kuliko mchambuzi. Dagaa wakiuzwa, yanatolewa mafuta, chakula na gharama nyingine za kambi, kinachobaki tajiri na wavuvi wanagawana. Ugomvi pale Kirumba haujawahi kuwa juu ya neno "nusu". Ugomvi uko kwenye kile kinachotolewa kabla ya kugawana, na kile ambacho hakiingizwi kwenye hesabu kabisa. NBA ni vilevile. Tiketi, televisheni na matangazo vinaingia kwenye fungu la kugawana. Thamani ya timu yenyewe haiingii. Tajiri akiuza mtumbwi, mvuvi hapati kitu, hata kama ni jasho lake lililoupandisha bei.

Hapo ndipo ninapokasirikia maneno ya vijiweni kuhusu Boston Celtics. Walichukua ubingwa 2024. Kiangazi cha 2025 wakamwachia Jrue Holiday kwenda Portland na Kristaps Porziņģis kwenda Atlanta, na kila mtu akaimba wimbo mmoja: Jayson Tatum na Jaylen Brown wamemaliza pesa. Ni kweli Tatum alisaini mkataba wa takriban dola milioni 314 kwa miaka mitano, na Brown takriban milioni 304 mwaka mmoja kabla yake. Lakini Machi 2025, miezi michache kabla ya timu ile kuanza kubomolewa, wamiliki walikubaliana kuiuza Celtics kwa thamani ya dola bilioni 6.1. Walikuwa wameinunua 2002 kwa milioni 360. Soma tena namba hizo mbili. Waliopandisha bei ile ni wanaume waliokuwa wakiruka na kuanguka pale sakafuni, na katika faida ile hawakuwa na hata senti moja kwenye hesabu. Halafu tunaambiwa tatizo ni mishahara yao!

Sheria yenyewe iliwasaidia wamiliki kusema hivyo. Kikomo cha NBA kinaweza kuvukwa, lakini makubaliano ya 2023 yaliweka mstari mwingine juu kabisa ya kikomo, takriban dola milioni 207.8 kwa msimu wa 2025-26. Timu ikiuvuka hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ipate mmoja mkubwa, hairuhusiwi kutuma fedha taslimu kwenye mabadilishano, na nafasi yake ya kuchagua mchezaji chipukizi miaka saba mbele inagandishwa, yaani haiwezi kuitoa kwenye mabadilishano. Zaidi ya hayo kuna kodi ya anasa kwa timu inayolipa kupita kiasi, inayopanda kadiri unavyozidi. Mwenye timu anayetaka kulipa anabanwa, na asiyetaka kulipa amepewa maneno ya kuwaambia mashabiki: ningependa kumbakiza, sheria hairuhusu. Msimu wa 1997-98 Michael Jordan alilipwa peke yake zaidi ya dola milioni 33 wakati kikomo cha timu nzima kilikuwa chini ya milioni 27, kwa sababu sheria iliruhusu timu kuvuka ili ibaki na mchezaji wake. Mwaka uliofuata wamiliki waliwafungia wachezaji milango wakigombania mkataba, msimu ukakatwa ukabaki wa mechi 50, na makubaliano mapya ya 1999 yakaja na kiwango cha juu kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2011 milango ikafungwa tena, na fungu la wachezaji likashuka kutoka asilimia 57 hadi karibu nusu. Kila wakati anayepunguziwa ni yuleyule.

Haya, nikubali moja, ingawa sikubali kwa furaha. Ushindani umekuwepo. Kuanzia 2019 hadi 2025 ligi ile imepata mabingwa saba tofauti katika miaka saba: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma City. Oklahoma City, sensa yao ya 2020, haikufika watu laki saba. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, sensa yetu ya 2022, zilivuka milioni moja. Mji mdogo kuliko Mwanza umebeba kombe lile, na siwezi kusema kikomo hakikuchangia. Lakini tazama walivyofanya. Jalen Williams na Chet Holmgren walikuwa bado kwenye mikataba ya wachezaji wapya, ambayo bei yake imepangwa na ligi bila kujali kijana anacheza vizuri kiasi gani. Ubingwa ule ulijengwa pia na vijana waliokuwa wanalipwa chini ya thamani yao. Walipewa mikataba mikubwa baada ya kombe, Julai 2025.

Anayetaka kuona kikomo kinavyokuwa mgawo ukiwa mwembamba awatazame wanawake. Caitlin Clark mwaka 2024 alijaza viwanja kila alikokwenda, na mshahara wake wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, ulikuwa takriban dola 76,500. Kwa mwaka mzima. Julai 2025 wachezaji wa mechi ya nyota wote walipasha misuli wakiwa wamevaa fulana zinazodai ligi iwalipe inachodaiwa nao. Kikomo walikuwa nacho. Usawa kati ya timu haukuwanunulia chochote.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ningependa tukiige, na hakuna anayekitaja redioni.

Aprili 2025 Damian Lillard wa Milwaukee alichanika mshipa wa kisigino. Ni mtu wa miaka zaidi ya thelathini, jeraha la mwaka mzima, na timu inadaiwa naye takriban dola milioni 113 kwa miaka miwili iliyobaki. Julai timu ikaamua kumwachia ili ipate nafasi ya kumsajili Myles Turner. Lakini kumwachia kule hakukufuta deni. Walichoruhusiwa ni kulitandaza kwa miaka mitano, takriban milioni 22.5 kila mwaka, na kila mwaka linahesabiwa kwenye mishahara yao. Mtu ameumia, ameondolewa, na atalipwa mpaka dola ya mwisho. Akarudi zake Portland na mkataba mwingine. Hiyo inaitwa kuheshimu sahihi ya mtu.

Na mfano wa nyumbani tunao. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Watu wamemsema miaka yote, na mimi sipendi wanavyomsema. Mambo hayakumwendea vizuri Memphis, msimu wake wa kwanza wakampeleka kwa muda ligi ya chini, baadaye akahamishiwa Houston, kisha Portland, akamalizia Oklahoma City. Lakini mkataba wa mchezaji wa raundi ya kwanza una miaka miwili ya mwanzo ambayo timu haiwezi kuikwepa, na kule ligi ya chini alikwenda na mshahara wake wa NBA. Hakuna kiongozi aliyemwambia "subiri tupate mfadhili". Kijana wa Kitanzania alifika mahali ambapo kushindwa kucheza vizuri hakumfanyi mtu aibiwe. Hilo lilistahili kuzungumzwa zaidi kuliko pointi zake kwa mechi.

Linganisha na uwanja wa kikapu wa Mirongo, hapa Mwanza. Jioni ukipita pale utaona vipaji ambavyo vingekuwa na wakala mahali pengine. Uliza ni wangapi wana karatasi yoyote. Kinachotolewa ni nauli, pengine jezi, maji, na ahadi. Namfahamu kijana mmoja, mlinzi mzuri sana, goti lake liligeuka kwenye mechi ya ligi. Timu ilitoa nauli ya bajaji kwenda hospitali, ikaishia hapo. Kipimo alilipiwa na shangazi yake aliyeuza mzigo wa dagaa. Msimu uliofuata jezi yake alipewa mwingine, na yeye hakuwa na kitu cha kushika mkononi na kusema: hapa mliniahidi. Hakuwa amesaini chochote. Mpaka leo anachechemea kidogo akipanda ngazi, na ana umri wa kuwa bado anacheza.

Ndiyo maana maneno ya kikomo yananiuma. Unamwekea kikomo mtu ambaye hujampa sakafu. Unazungumzia kuzuia mshahara wake usipande, wakati mshahara wenyewe haupo. Kwenye soka, ambako mikataba ipo, mara ngapi tumesikia FIFA imeifungia klabu ya Tanzania kusajili kwa sababu haijalipa wachezaji au makocha wake? Klabu isiyolipa ilichosaini haihitaji sheria ya kuisaidia kulipa kidogo.

Mtu ataniambia vilabu vya kikapu vya Mwanza havina pesa, kiongozi anatoa mfukoni mwake, niwaonee huruma. Nawaonea, wengi wao ni watu wa kujitolea kwelikweli. Lakini mkataba haudai pesa nyingi. Mkataba unadai ukweli. Kama unachoweza kutoa ni nauli na maji, andika nauli na maji. Kama mfadhili akija mtagawana naye hivi, andika hivi.

Kwa hiyo ombi langu kwa chama cha kikapu cha mkoa, na kwa TBF, shirikisho la kikapu la taifa, walio juu yake, ni ukurasa mmoja tu. Ueleze mchezaji anapewa nini na lini. Ueleze anaruhusiwa kuondoka lini bila kuombwa pesa ya kumwachia. Ueleze mapato ya mlangoni na ya mfadhili yanagawanywaje, na nani anaruhusiwa kuona hesabu hizo. Ueleze akiumia akiwa amevaa jezi ya timu, nani analipa hospitali na mpaka lini. Asaini kiongozi, asaini mchezaji, na mzazi kama ni mwanafunzi, nakala moja abaki nayo mwenyewe. Na msimu ujao fomu ya usajili isipokelewe mezani bila ukurasa huo.