Muuzaji wa Nyumba, Usimfungie Mlango Mnunuzi wa Mkopo

Wauzaji wa nyumba nchini Kenya, hasa Nairobi na Mombasa, hupenda kumwagiza dalali awaletee wanunuzi wenye keshi pekee. Naielewa hofu inayowasukuma, lakini naamini agizo hilo linawagharimu wauzaji wenyewe na kuwazuilia nyumba watu wanaoishi kwa mshahara, kwa sababu limejengwa juu ya imani kwamba keshi huifupisha sana safari ya mauzo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo haifupishwi na fedha.

Hata mnunuzi ambaye fedha zake zote zimelala benki hulazimika kupitia mkataba wa mauzo, ambao kwa desturi humtaka alipe amana ya asilimia 10 na huweka siku 90 za kukamilisha. Ndani ya muda huo hati hukaguliwa katika masijala ya ardhi, mwenzi wa muuzaji hutoa ridhaa yake kwa maandishi ikiwa nyumba ni ya familia, madeni ya kodi ya ardhi na ada za kaunti hulipwa, kisha mthamini wa serikali hukadiria thamani ili ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4, upate kulipwa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayofutwa kwa sababu mnunuzi hakukopa. Mkopo huongeza yake, yaani mthamini wa benki, kamati ya mikopo na wakili wa kuandaa rehani, lakini baadhi ya kazi hizo zinaweza kwenda sambamba na zile nyingine.

Jambo linalotisha kweli ni jingine. Katika mauzo ya mkopo, benki hutoa barua ya kujifunga kwamba italipa salio pindi nyumba itakaposajiliwa kwa jina la mnunuzi na rehani yake kuandikishwa, maana yake muuzaji huachilia hati kabla fedha hazijaingia. Kwa mstaafu au mjane ambaye nyumba hiyo ndiyo akiba yake yote, hilo ni zito, na simlaumu anayesita. Hata hivyo, barua hiyo ni ahadi ya kisheria inayoweza kudaiwa mahakamani, na anayeahidi ni taasisi inayosimamiwa na Benki Kuu. Ningependa wauzaji waipime kando ya ahadi za baadhi ya wanaojiita wanunuzi wa keshi, kwa kuwa keshi hiyo mara nyingi ni mkopo wa Sacco ambao haujaidhinishwa, shamba ambalo bado halijauzwa, au ndugu walio ughaibuni wanaotarajiwa kuchanga. Mnunuzi wa aina hiyo naye hutegemea fedha za wengine, tofauti ni kwamba hakuna taasisi iliyojifunga kwa niaba yake.

Kuna pia faida ambayo wauzaji huisahau. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja kilichokuwa karibu na ufuo mjini Mombasa, na ikashikilia kwamba cheti cha umiliki peke yake hakimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa awali kinyume cha utaratibu. Tangu hapo, kufuatilia chimbuko la hati si hiari tena. Benki inayotaka nyumba iwe dhamana ya mkopo wa miaka 15 au 20 ina kila sababu ya kuchimbua historia hiyo, ilhali mwenye keshi aliyeharakishwa na dalali anaweza kuiruka, kisha mgogoro ukizuka baada ya miaka akarudi kumshtaki aliyemuuzia. Mnunuzi wa keshi ningemshauri akague kama benki ingekagua, hata kama muuzaji atanuna.

Kufikia mwisho wa 2023, mikopo ya nyumba iliyokuwa ikilipwa katika Kenya nzima ilikuwa takriban 30,000 tu, katika nchi iliyohesabiwa watu milioni 47.6 mwaka 2019. Riba ya juu na mishahara midogo ndivyo visababu vikuu, na kwa sehemu ndiyo maana mwaka 2018 ikaanzishwa kampuni ya KMRC, inayozipa benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa riba nafuu. Lakini mwalimu au muuguzi aliyefaulu kupita mchujo wote huo akataliwe kwenye lango la nyumba kwa sababu tu fedha zake zinatoka benki, hilo linaniuma.

Kwa nyumba ya shilingi milioni 10, kumpunguzia mwenye keshi asilimia 10 ya bei ili tu umpate yeye ni kutoa shilingi milioni moja ili kuokoa labda mwezi mmoja au miwili. Yupo anayelazimika, kwa mfano mwenye mgonjwa anayesubiri upasuaji, na huyo afanye hivyo. Wengine wamwombe mnunuzi wa mkopo barua ya idhini ya awali kutoka benki yake, wamwombe wa keshi taarifa ya akaunti, na mkataba useme wazi amana itakuwa ya nani endapo benki itakataa kutoa fedha.