Punguzo la Bei kwa Mashine za Umeme za Daraja la Juu: Nani Hulilipia?

Mwaka 2012 mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Ujerumani, Bundeskartellamt, iliitoza kampuni ya TTS Tooltechnic Systems faini ya yuro milioni 8.2. Kampuni hiyo ndiyo inayomiliki Festool, jina ambalo maseremala wengi huliweka daraja la juu kabisa kwa misumeno yake inayokimbia juu ya reli, mashine zake za msasa na vivuta vumbi vyake, na kosa lililoitia hatiani lilikuwa kuwabana wauzaji wa rejareja wasiuze chini ya bei iliyopendekezwa na kiwanda. Nchini Marekani mashine hizo hizo zimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwa na bei moja: mnunuzi akipiga simu kwa mawakala watano hujibiwa tarakimu ile ile mara tano, wala huko hakuna sheria ya nchi nzima inayolihesabu jambo hilo kuwa kosa moja kwa moja.

Tofauti hiyo ya kisheria inaonyesha kwamba mzozo wa punguzo la bei ni mpana kuliko mvutano wa kawaida kati ya mnunuzi anayetaka nafuu na muuzaji anayetaka faida. Watu wenye akili timamu wamelitazama jambo moja na kutoka na hukumu zinazopingana. Mimi nimeegemea upande wa bei thabiti, lakini kwa sharti ambalo watengenezaji wengi hawapendi kulisikia: bei isiyoguswa hutetewa vizuri pale tu ambapo mnunuzi anaweza kuonyeshwa kwa kidole kile ambacho ile ziada inamlipia.

Tuanze dukani, kwa sababu hapo ndipo hoja ya bei thabiti ina nguvu zaidi. Mteja anaingia akiwa na shaka kama kweli msumeno wa reli unastahili kugharimu mara mbili au tatu ya msumeno wa mviringo wa kawaida. Muuzaji analaza juu ya meza ubao wa plaiwudi wenye veniya, yaani tabaka jembamba la mbao lililobandikwa usoni, anaweka reli, anapima kina, anaunganisha bomba la kivuta vumbi, kisha anausukuma msumeno kwa mwendo mmoja hadi mwisho. Mteja anapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa na hakuti hata uzi mmoja wa mbao uliochanika. Anauliza juu ya meno ya bledi, juu ya kukata kwa pembe ya nyuzi 45, juu ya dhamana na vipuri, na nusu saa inapita. Halafu anashukuru, anatoka nje, anafungua simu na kuagiza mashine ile ile kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye hana meza, hana ubao wa kujaribia, na hajawahi kulipa mshahara wa mtu anayejua kujibu maswali hayo.

Mwanauchumi Lester Telser aliieleza hali hiyo mwaka 1960. Alisema kwamba mtengenezaji huweza kuwa na sababu halali ya kuwazuia wauzaji wake wasishindane kwa bei, kwa kuwa bila zuio hilo anayetoa huduma hubeba gharama, na asiyetoa hudandia juu ya mgongo wa mwenzake na kuondoka na mteja. Matokeo yake si bei nafuu ya kudumu. Yule wa kwanza hukoma kutoa huduma, au hufunga duka, na mashine ambayo ubora wake hauonekani mpaka ishikwe mkononi hubaki kuuzwa kwa picha.

Hesabu yenyewe ni kali kuliko watu wanavyodhani. Chukulia mashine inauzwa kwa 100, na muuzaji ameipata kwa 75. Akitoa punguzo la asilimia 15, mteja huona kwamba amepunguziwa kidogo, lakini muuzaji ameshuka kutoka faida ya 25 hadi 10. Sasa lazima auze mashine tano ili apate kile alichokuwa akikipata kwa mbili, na mashine ya daraja la juu si sukari kwamba watu wataongeza matumizi kwa sababu imeshuka bei. Seremala mwenye msumeno mzuri hahitaji wa pili. Bandu bandu huisha gogo, na kinachobanduliwa hapa ni uwezo wa muuzaji kuweka akiba ya vipuri na fundi wa kuvifunga.

Upande wa mnunuzi kuna hesabu nyingine ambayo ni nadra kufanywa. Mashine za daraja hili hushika thamani zikiwa zimetumika, na kwa fundi hiyo ni sehemu ya bei. Tuseme kwa mfano kwamba aliinunua kwa 100, akaitumia miaka minne, akaiuza kwa 60: imemgharimu 40. Likija punguzo linaloshusha mashine mpya hadi 80, hakuna atakayetoa 60 kwa iliyotumika; huenda akatoa 45. Yule wa kwanza amepoteza 15 bila kuulizwa. Na yule aliyenunua kwa 80, naye akija kuuza kwa 45, itakuwa imemgharimu 35. Punguzo lililotangazwa kuwa 20 limemwachia nafuu halisi ya 5. Tarakimu hizi nimezichagua mimi, na kwa anayeitumia mashine mpaka ife hazimhusu kabisa, lakini mwelekeo wake ni wa kweli popote palipo na soko la vitu vilivyotumika.

Lipo pia suala la kusubiri. Ronald Coase, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, alionyesha mwaka 1972 kwamba anayeuza kitu cha kudumu hujikuta akishindana na nafsi yake ya kesho: wanunuzi wakiamini kwamba bei itashuka baadaye, hawanunui leo. Kampuni inayotoa ofa kila mwisho wa mwaka huwafundisha wateja wake kuiona bei ya miezi mingine kuwa ya watu wasiojua. Lakini jiulize ni nani anayeweza kusubiri. Fundi ambaye mota ya mashine yake imeungua katikati ya kazi, milango sita ikiwa imebaki na mwenye nyumba akipiga simu, hana subira ya miezi mitatu. Hununua siku hiyo hiyo kwa bei kamili. Anayesubiri ofa ni mpenda useremala wa mwishoni mwa wiki, ambaye mashine yake ya zamani bado inafanya kazi. Kwa hiyo ofa za msimu, zinazosifiwa kuwa ni rafiki wa mfanyakazi, mara nyingi humnufaisha asiyeitegemea mashine kwa riziki, na bili huachiwa yule anayeitegemea. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya punguzo, na nashangaa kwa nini haisikiki sana.

Upande wa pili, hata hivyo, hauna hoja dhaifu. Kwanza, binadamu hawanunui kwa kikokotoo. Mwaka 2012 maduka ya J.C. Penney ya Marekani, chini ya mkurugenzi mkuu Ron Johnson, yaliachana na kuponi na ofa zisizokwisha na kuweka bei za chini zisizobadilika. Kwa hesabu ilionekana kuwa haki kwa kila mteja. Mauzo yakaanguka kwa takribani robo katika mwaka mmoja, na Aprili 2013 Johnson alikuwa ameshaondoka. Nguo si mashine, na wateja wa J.C. Penney walikuwa wamelelewa miaka mingi katika kuponi, lakini somo linabaki kwamba mtu anapofurahia kupata nafuu hafurahii fedha peke yake; anafurahia kuwa amefaulu. Ukimwondolea nafasi hiyo, wengine watakwenda kuitafuta kwa mshindani.

Pili, na hili ni zito zaidi, bei moja humzuia muuzaji hodari asimpitishie mteja matunda ya uhodari wake. Mwenye ghala lililopangwa vizuri na wafanyakazi wachache wenye bidii hulazimika kuuza sawa na mzembe. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2022/720, iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu bei ya kupendekezwa na hata bei ya juu isiyopaswa kuvukwa, lakini inaiweka bei ya chini ya lazima katika kundi la makosa makubwa. Marekani nako Mahakama ya Juu ilishikilia msimamo unaofanana na huo tangu mwaka 1911 hadi 2007, ilipougeuza katika kesi ya Leegin, iliyohusu bidhaa za ngozi na duka lililokuwa likiziuza kwa punguzo la asilimia 20. Majaji waligawanyika watano kwa wanne, na tangu hapo bei ya namna hiyo huamuliwa kwa kupima faida na madhara yake, kesi kwa kesi. Jimbo la Maryland halikuridhika. Mwaka 2009 lilipitisha sheria yake ya kulirudisha katazo. Mgawanyiko kama huo hautokei pale ambapo jibu ni la wazi.

Tatu, yuko fundi anayeanza. Yeye ndiye ambaye mashine bora ingemwongezea kipato haraka zaidi, na ndiye asiye na fedha ya kuinunua. Kumwambia kwamba mashine hushika thamani yake ni kumpa habari njema ya miaka minne ijayo, wakati tatizo lake ni la leo.

Mbele ya hoja ya pili ndipo watetezi wa bei thabiti, nami nikiwamo, tunapaswa kujibana wenyewe. Maelezo ya Telser yanamlinda muuzaji anayetoa huduma. Lakini siku hizi mnunuzi hufika akiwa ametazama video kumi za mashine anayoitaka, zilizotengenezwa na watu ambao hawalipwi chochote kutoka kwenye ile faida ya 25, na anachohitaji ni sanduku tu. Ikiwa mawakala wa bei thabiti wenyewe wamekuwa wauzaji wa masanduku, bila meza ya majaribio na bila hata brashi za kaboni, kile kipuri kidogo cha mota kinachoisha kwa matumizi, kwenye rafu, basi kinacholindwa ni mapato ya wachache, na mamlaka za Ujerumani zilikuwa na haki ya kukasirika.

Kwenye mashine za betri mambo yamepinda zaidi. Makita, DeWalt na Milwaukee mara nyingi hazishushi bei ya mashine waziwazi. Huuza betri mbili na chaja, kisha hutoa drili au grinda kuwa zawadi. Ukitazama juu juu, hilo ni punguzo la ukarimu mkubwa. Lakini betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine, na mtu aliyekwisha kuwa na betri nne ameshachagua mashine zake kumi zijazo bila kujua. Zawadi hiyo ni malipo ya awali ya utii wake. Nayo si hila kwa kila mtu, kwani aliyekusudia kubaki na kampuni hiyo amepata kweli. Ninachosema ni kwamba haipaswi kuhesabiwa kama ushahidi kwamba mashine za daraja la juu zinaweza kupunguzwa bei bila athari. Hapo mashine ndiyo chambo, na biashara iko kwenye betri.

Hilti ya Liechtenstein imeukwepa mjadala kwa njia yake. Huuza moja kwa moja kwa wateja wake wa ujenzi, na wengi wao hulipa ada ya kila mwezi kwa kundi zima la mashine, ada ambayo ndani yake mna matengenezo. Palipo na mkataba wa namna hiyo, neno punguzo hupoteza maana, kwa sababu kinachouzwa ni mashine inayofanya kazi kila asubuhi. Utaratibu huo unaifaa kampuni ya ujenzi yenye mapato ya kila mwezi. Kwa seremala wa peke yake ada isiyokoma yaweza kuwa mzigo kuliko bei yenyewe.

Nikipima yote, bei ya mashine mpya iachwe thabiti, na ikilazimika kupanda, tarehe itangazwe mapema ili asiwepo wa kuvamiwa. Mlango wa yule fundi anayeanza ufunguliwe mahali pengine. Mashine zilizorudishwa na kukarabatiwa kiwandani, zikiuzwa zikiwa na alama yake na dhamana yake, humfikishia ubora ule ule kwa bei ya chini bila kumdanganya aliyenunua mpya. Malipo ya awamu yasiyo na riba nayo yanamfaa kuliko ofa ya siku moja. Modeli inapokoma ishushwe waziwazi, kwa kuwa hapo bei inasema kweli kwamba kitu hicho kimepitwa. Na wakala anayedai bei yake iheshimiwe aandikiwe kwenye mkataba mambo yanayokaguliwa: meza ya kujaribia, mtu anayeijua mashine, vipuri vya kawaida kwenye rafu, na idadi ya siku ambazo mashine iliyoharibika inaweza kukaa kwake kabla mteja hajaazimwa nyingine.