Ukaguzi wa mchwa Dar es Salaam: nani amlipe mkaguzi, na lini

Kila mvua za vuli zinapoanza na kumbikumbi kujazana kwenye taa za baraza, matangazo ya kampuni za kupulizia dawa huongezeka Dar es Salaam, na baadhi huahidi kukagua nyumba bila malipo. Hapo wenye nyumba hugawanyika. Wapo wanaoona kwamba kumwita mtaalamu aje kutafuta mchwa katika nyumba ya matofali ya saruji na paa la bati ni kutupa fedha, kwa kuwa mchwa wakiwepo wataonekana tu. Na wapo wanaoamini kwamba nyumba isiyokaguliwa kila mwaka ni nyumba inayoliwa. Kila upande una hoja ya kusikilizwa. Kwa maoni yangu ukaguzi wa kitaalamu una thamani kubwa, ila thamani hiyo inategemea mambo mawili ambayo mjadala wenyewe huyapita: nani anamlipa mkaguzi, na anaitwa wakati gani.

Mchwa hawali saruji, lakini hupita ndani yake. Wengi wanaoharibu majengo ya ukanda huu huishi ardhini, na hupanda kuzifuata mbao kupitia mahali ambapo bomba la maji taka limetoboa jamvi, yaani sakafu ya zege, kwenye mwachano kati ya jamvi na ukuta, au katika maungio ya matofali yaliyojengwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo. Ufa wa milimita moja hivi huwatosha baadhi yao. Wakishafika juu hula fremu za milango, makabati ya jikoni yaliyobanwa ukutani, mbao zinazoshika dari na hatimaye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Kwa kuwa hukwepa mwanga na hewa kavu, huila mbao kwa ndani na kuacha ganda jembamba lenye rangi au vanishi yake, kiasi kwamba mwenye nyumba hupita mbele ya mlango ule ule kila siku bila kugundua chochote. Kwa hiyo kauli ya kwamba wataonekana tu ni ya kweli, lakini mara nyingi huwa kweli baada ya mbao kwisha. Kenchi ndizo za kuhofiwa zaidi, kwa sababu zikishafichwa na dari ya jipsamu hakuna anayepanda kuzitazama tena. Hata mbao zilizotiwa dawa kiwandani si kinga kamili, kwani fundi huzikata kwa vipimo vyake kwenye eneo la ujenzi na kuacha ncha mpya ambazo dawa haikuzifikia, nazo hazipakwi.

Historia ya viwanja vyetu inaipa hoja hii nguvu zaidi. Sehemu kubwa ya Goba, Madale, Chanika na Kigamboni ilikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na minazi kabla ya kupimwa viwanja. Miti hukatwa, visiki na mizizi hufukiwa, kifusi humwagwa juu yake, na mara nyingi mabaki ya mbao za kufungia zege huachwa humo humo. Hicho ni chakula cha miaka kadhaa kilichowekwa chini ya sakafu, na kikiisha, mbao zilizo karibu ni zile za nyumba. Kichuguu nacho husawazishwa kwa greda na watu wakaamini kimeondoka, ilhali malkia anaweza kuwa amebaki salama ndani ya ardhi. Tena baadhi ya mchwa wa jamii ya Odontotermes hujenga kiota chote chini bila kuinua kichuguu chochote, na kwa sababu hiyo kutoona kichuguu kiwanjani si ushahidi kwamba mchwa hawapo.

Mkaguzi anayeijua kazi yake haanzi na bomba la dawa. Huanza nje, akitembea kando ya msingi kutafuta vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, kisha huingia stoo, bafuni na chini ya sinki, akigonga fremu kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza panapotoa sauti tupu. Akikuta kijia hukivunja kipande kidogo katikati na kukiacha. Akirudi baada ya siku chache na kukuta pameshazibwa kwa udongo mbichi, anajua kundi liko hai na linatumia njia hiyo. Hupanda darini kwa tochi. Wengine hutumia kipima unyevu, kwa kuwa ukuta wenye maji yanayovuja huwavuta mchwa. Kazi hiyo, ikifanywa kwa uaminifu, haifanani na ile ya dakika kumi inayoishia kwenye hesabu ya lita za dawa.

Hapo ndipo hoja ya wanaoupinga ukaguzi inapopata nguvu, na naiona kuwa hoja nzito. Anayekagua bure analipwa na dawa atakayoiuza, kwa hiyo ripoti inayosema nyumba ni salama ni hasara kwake. Matokeo yake ni kunyunyiziwa dawa nyumba ambazo hazikuihitaji, au kunyunyiziwa mahali pasipohusika. Mfano ulio wazi ni mchwa wa mbao kavu, wanaopatikana miji ya pwani. Hawa huishi ndani ya kiti, kabati au ubao wenyewe bila kugusa ardhi, na dalili yao ni punje ndogo ngumu kama mchanga zinazodondoka kutoka kwenye vitundu. Kumwaga dawa kuzunguka msingi hakuwafikii kabisa, kwani wao hutibiwa ndani ya mbao au ubao wenyewe hubadilishwa. Vivyo hivyo vyambo, yaani chakula chenye sumu cha kuwavutia mchwa, vilivyofanikiwa dhidi ya mchwa wa Marekani mara nyingi havivutii sana jamii za Macrotermes na Odontotermes, ambazo hulima kuvu kiotani mwao. Aliyetambua vibaya aina ya mchwa atauza tiba isiyotibu, na mteja atalaumu dawa.

Kuna pia madhara yasiyoishia mfukoni. Kaya nyingi za jiji hili, hasa pembezoni, hutumia maji ya visima vilivyo hatua chache kutoka kwenye msingi wa nyumba. Historia ya dawa hizi si ya kupuuzwa: aldrini, dieldrini na klodani, zilizowahi kutumika sana dhidi ya mchwa, zilikuwa miongoni mwa kemikali 12 za kwanza kulengwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa wa kuondoa kemikali zenye sumu zinazodumu katika mazingira, na mwaka 2025 klopirifosi nayo iliongezwa katika orodha ya kuondolewa, ikiachiwa baadhi ya matumizi kwa muda. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, husajili viuatilifu nchini. Mwenye nyumba ana kila haki ya kuuliza jina la dawa na usajili wake, na kama kisima chake kimezingatiwa, kabla tone halijamwagwa.

Hoja nyingine ya wapinzani ni kwamba mwenye nyumba anaweza kujikagulia, na kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Tochi, bisibisi na saa moja baada ya mvua za kwanza vinatosha kuona vijia na fremu zilizo tupu. Anachopaswa kujua ni kutofautisha: mabawa ya kumbikumbi chini ya taa hayathibitishi lolote, kwa sababu wamefuata mwanga kutoka nje, ila kumbikumbi wanaotoka kwenye ufa wa sakafu au nyuma ya fremu ni habari nyingine. Kwa nyumba isiyo na historia ya mchwa, ukaguzi huu wa mwenyewe kila msimu wa mvua, pamoja na kuita mtaalamu pale dalili inapoonekana, naona unatosha. Sioni sababu ya kumlazimisha kila mtu alipie ziara ya kila mwaka.

Fedha hiyo ingefaa zaidi kabla ya jamvi kumwagwa, pale dawa ya mchwa inapowekwa kwenye udongo. Huu ndio wakati pekee ambapo ardhi yote ya chini ya nyumba inafikika, na ndio wakati ambapo kazi hulipuliwa kirahisi kwa sababu siku ya pili zege hufunika kila kitu. Kwa dawa nyingi za aina hii, kipimo cha kawaida ni takriban lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, ingawa maelekezo ya kwenye kibandiko ndiyo ya kufuatwa. Nyumba ya mita za mraba 100 huhitaji basi lita 400 au zaidi, yaani bomba la mgongoni la lita 16 lijazwe mara 25 hivi. Fundi aliyekuja na bomba moja, akapuliza mara mbili tatu na kuondoka kabla ya saa sita, hakuweka kinga yoyote, hata kama risiti inasema ameweka. Mtu wa kusimama pale na kuhesabu, asiyeuza dawa hiyo, anastahili malipo yake kuliko mkaguzi yeyote atakayekuja miaka kumi baadaye.

Wakati wa pili ni ununuzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa. Marekani, mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na serikali kwa wanajeshi wa zamani hudai ripoti ya wadudu waharibifu wa mbao katika majimbo mengi, kwa hiyo nyumba hukaguliwa mnunuzi apende asipende. Kwetu wengi hununua kwa fedha taslimu kupitia dalali, hati na mipaka huchunguzwa kwa makini, na hakuna anayedai ngazi ya kupandia darini. Rangi mpya kwenye fremu za nyumba ya zamani ingetosha kumfanya mnunuzi aulize. Ripoti anayopaswa kuidai iwe ya maandishi, itaje sehemu ambazo mkaguzi hakuweza kuzifikia, iambatane na picha, na ilipwe na mnunuzi mwenyewe, kwa makubaliano kwamba aliyeiandika hatapewa kazi ya kupuliza dawa katika nyumba hiyo.