Bukari ya kasho na mwanamke anayeondoa mashtaka

Maafisa wa polisi wa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wana sababu moja wanayoitoa mwanamke anapofika komisaria na jicho lililovimba bila faili kufunguliwa: tukiifungua leo, kesho atarudi na mashemeji wawili kuomba mume wake aachiliwe. Sababu hiyo haitokani na uvivu mtupu. OPJ, yaani afisa wa polisi anayechunguza makosa, anayeandika maelezo kwa mkono, asiye na gari wala mafuta ya kumfuatia mshtakiwa, anajua kwamba siku nzima ya kazi itapotea. Uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulikuta wanawake 57 katika kila 100 waliowahi kuolewa nchini wamepata ukatili wa mume, uwe wa maneno, wa kupigwa au wa kingono. Wote wakija kushtaki, hakuna kasho, yaani chumba cha mahabusu, itakayotosha. Wapo pia maafisa wanaoamini kwa moyo safi kwamba ndoa huokolewa katika kikao cha familia, si katika gereza la Kasapa.

Hata hivyo, hoja yao inachukua kuondoa mashtaka kuwa ni kusamehe, na mimi naona wamemsoma vibaya mwanamke huyo. Mara nyingi konvokasio, ile karatasi ya wito, hukabidhiwa yeye aipeleke nyumbani, hivi kwamba aliyempiga jana usiku anajua ameshtakiwa kwa kuipokea mkononi mwake. Huombwa pesa ya karatasi, kisha ya daktari. Mume akikamatwa, kifungu cha 18 cha Katiba kinawapa polisi saa 48 za kumshika kabla ya kumfikisha mbele ya mamlaka ya sheria, na saa hizo hupita ndani ya kasho ambamo mtu hula kile alicholetewa na jamaa zake.

Na jamaa wa kwanza wa mume ni mke. Kwa hiyo aliyeshtaki ndiye anayeamka kusonga bukari, yaani ugali, kwa mkono usiouma, anafunika bakuli kwa kitambaa, anatoka mtaa wa Katuba kwa miguu, na mlangoni anamwachia mlinzi kitu kidogo ili bakuli lipite. Asipopeleka, mama mkwe atasema anataka kumuua mtoto wake kwa njaa. Akipeleka, afisa anacheka: kumbe bado unampenda. Kesho yake, ikiwa pesa ya unga ilikuwa ikitoka kwa huyo aliye ndani, hakuna cha kusonga, si kwa ajili yake wala kwa ajili ya watoto. Hapo ndipo anaporudi na mashemeji, na daftari la komisaria linaandika kwamba wamepatana.

Sheria yenyewe haikumtwika mzigo huo. Kupiga mtu ni kosa katika kifungu cha 46 cha Kanuni ya Adhabu, kwa kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, na kosa hilo halisubiri ridhaa ya aliyepigwa. Parke, ofisi ya waendesha mashtaka, inaweza kuendelea hata yeye akinyamaza. Kufunga faili kwa sababu ameondoa mashtaka ni uamuzi wa ofisi, ingawa lawama inabaki kwake.

Je, basi polisi wakamate kila mara? Wanaodai hivyo wana ushahidi: jaribio la Minneapolis, Marekani, ambalo matokeo yake yalitoka 1984, lilionyesha kwamba waliokamatwa walirudia kupiga mara chache zaidi. Lakini jaribio kama hilo lilirudiwa Milwaukee, likaonyesha jambo zito: wenye kazi walitulia, wasio na kazi wakazidisha ukatili. Katika mji ambamo wanaume wengi wanaishi kwa kutafuta siku kwa siku, matokeo ya Milwaukee yananitisha kuliko ya Minneapolis yanavyonivutia.

Kwa hiyo sidai kasho zijae. Nadai polisi waipeleke konvokasio wenyewe, ndugu za mume wabebe bakuli, na mwanamke anapokuja kuondoa mashtaka aulizwe peke yake, mlango umefungwa, mashemeji wakiwa wamebaki kwenye benchi nje, kwa muda unaomtosha kulia kwanza na kusema baadaye.